Mgeni Asiyepewa Jembe

Kigingi cha kwanza walikichoma katikati ya shamba la wimbi la mama. Hawakukichoma pembeni, wala kule penye majani. Walikichoma pale pale masuke yalipokuwa yameanza kuinama, wakayakanyaga kwa mabuti yao, kisha wakaendelea kupanda kilima huku wakicheka mambo yao. Mimi nilikuwa juu ya ulingo nikifukuza ndege, kombeo mkononi na jiwe limeshakaa tayari. Kilichonizuia nisimtwange mmoja wao kisogoni ni kwamba walikuwa watu wa serikali, na mpaka leo nikikumbuka mkono huniwasha.

Mwaka ulikuwa 1971, nami nilikuwa darasa la saba katika shule iliyokuwa mwendo mfupi kutoka soko la Nyamache. Wale waliokuja na vigingi walitoka idara ya wanyama. Walitaka kuwarudisha punda milia kwenye kilima cha Rianchage, na kilima hicho ndicho kilichokuwa juu ya shamba letu. Nasema kuwarudisha kwa sababu zamani walikuwepo, kabla mashamba hayajashikana bega kwa bega kama yalivyo sasa.

Kwa watu wengine punda milia ni punda tu aliyechorwa chorwa. Kwetu sisi Ababasi ni mnyama wa ukoo. Tunamwita enchage. Hatumli, hatumuui, wala hatumwinulii mkono, na ukitaka mtu wa Bobasi akwambie kweli tupu, mwapishe kwa enchage. Ajabu ni kwamba katika shule yetu nzima, walimu pamoja na wanafunzi, hakuna aliyewahi kumwona. Mimi nilimjua kwa kinyago cha mawe laini ya Tabaka kilichokaa mezani kwa mwalimu mkuu. Aliyekichonga naye hakuwa amemwona, maana alimpa masikio ya mbuzi.

Aliyetoa kilima alikuwa babu yangu mwenyewe, Nyangau, ambaye sote tulimwita Sokoro, yaani babu kwa Kikisii. Baba yangu alikwisha kufa, na shamba alilolilima mama bado lilikuwa chini ya jina la Sokoro. Afisa alipomwonyesha mstari wa ua utakavyopita, Sokoro hakuuliza swali. Alisema mkamwana wake atahamia kule bondeni penye matete. Huko bondeni hata viazi vitamu vilikuwa vikioza ardhini kabla ya kuitwa viazi. Sisi tulikuwa watoto watatu, na chakula chetu chote kilitoka kwenye ule mteremko.

Jioni nilimpeleka mama akakione kigingi. Alikitazama kwa mbali, kama mtu anayemtazama nyoka aliyelala.

"Niking'oe?" nilimuuliza.

"Ukiking'oa watasema ni mimi niliyekutuma."

"Basi mwambie Sokoro kwamba hutaki."

"Nimwambie kwa mdomo upi, Mong'ina?"

Alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Kwetu mkamwana na baba mkwe wana heshima kali kati yao, tunaiita chinsoni. Hawaketi pamoja, hawatazamani usoni, na mwanamke kumbishia baba mkwe wake ni aibu ambayo ingefanya hata wajukuu zake wachekwe. Mama alikuwa amemtuma baba mdogo Omwenga akamsemee. Omwenga alikwenda, akarudi akiwa na furaha kuliko alivyokwenda, kwa sababu alikuwa ameahidiwa kazi ya kulinda lango na koti lenye vifungo vya shaba. Baada ya hapo mama hakuwa na mtu wa kumtuma. Alikaa akipalilia kukizunguka kile kigingi, jembe likipita karibu karibu bila kukigusa, na mimi nilitamani kulia kwa hasira.

Lakini babu na mjukuu hawana chinsoni. Hao wana utani. Sokoro aliniita mke wake tangu nilipoota meno, nami nilimwita kizee kisicho na meno kinachotafuta mke wa kukitafunia nyama. Ningeweza kumwambia lolote, na nilimwambia. Nilimwambia amekuwa mume mbaya, anawanyima watoto wake chakula ili afuge punda. Akacheka mpaka akakohoa, akaniambia nikimwonea wivu enchage nirudi kwetu. Utani una shida hiyo moja, kwamba hakuna anayeutilia maanani.

*

Neno la mwisho lilikuwa bado halijasemwa, na hapo ndipo watoto tulipoingia. Yule afisa alikuwa Mtaita, mtu mpole mwenye Kiswahili cha kunyooka, na sisi tulimwita Bwana Nyama kwa siri. Alikuwa amewauliza wazee barazani, wakajibu ndiyo kwa sauti moja, kwa kuwa chifu alikuwa ameketi mbele yao. Hakuridhika. Alisema wanaochunga ng'ombe na kulinda mahindi si wazee, ni watoto, na hataleta mnyama mahali ambapo watoto watampiga mawe. Ijumaa angekuja shuleni kutuuliza sisi.

Mwalimu mkuu, Bwana Manasseh, alizipokea habari hizo kama mtu aliyeletewa mtihani pamoja na majibu yake. Shule ilikuwa imeahidiwa tangi kubwa la maji iwapo mpango ungekubaliwa. Tukaanza kukaririshwa kila asubuhi baada ya sala.

"Punda milia ni nani?"

"Ni ndugu yetu!"

"Tutamfanyaje?"

"Tutampokea!"

Wakati wa mapumziko majibu yalikuwa mengine kabisa. Orpah, aliyeketi nami dawati moja, alitaka kujua kama anakamuliwa. Thadeus alisema akifika atamfungia jembe la kukokota, na akapigwa ngumi na binamu yake kwa kumtukana mnyama wa ukoo. Wadogo wa darasa la pili walikuwa na hofu yao. Walisikia kwamba enchage atawanusa mmoja mmoja na kuwatambua wote walioapa uongo kwa jina lake, na kulikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa ameapa hivyo kuhusu yai. Akawa halali usiku.

Ombui ndiye aliyewasha moto. Baba yake alikuwa na duka Nyamache lakini kwao ni Getutu, na mnyama wa ukoo wa Getutu ni chui. "Kama nyinyi mnaletewa punda yenu," alisema, "sisi pia tuletewe chui yetu. Haki iko wapi?" Tukamuuliza chui wake atakula nini. Akasema atakula punda wetu. Vita vilivyofuata vilimalizwa na kiboko cha Bwana Manasseh, na Ombui akakatazwa kufungua mdomo siku ya Ijumaa.

Kisha Bwana Manasseh akaniita ofisini. Mimi ndimi niliyekuwa mwepesi wa Kiswahili shuleni, kwa hiyo ningetoa hotuba kwa niaba ya wanafunzi wote. Alikuwa ameshaitunga. Nilipoisoma nikafika mahali palipoandikwa "wazazi wetu wanatoa mashamba yao kwa moyo mkunjufu", nikaishusha karatasi.

"Mwalimu, mama yangu hakutoa kwa moyo mkunjufu."

Alivuta karibu orodha ya majina. Hakuwa mtu mwovu, na hilo ndilo lililonitisha, maana mtu mwovu unajua utamkimbiaje.

"Mong'ina," alisema, "majina ya watahiniwa wa darasa la saba bado sijayapeleka Kisii. Nitayapeleka baada ya Ijumaa. Umenielewa?"

Nilimwelewa vizuri. Bila mtihani ule hakuna sekondari, na bila sekondari ningebaki juu ya ulingo mpaka niolewe. Nikaichukua hotuba nikaenda nayo nyumbani, na njia nzima nilikuwa nikiikariri kwa sauti huku nikiichukia.

Sikwenda moja kwa moja kwa mama. Nilipitia kwa Sokoro. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe nje ya nyumba yake, miguu ameinyosha juani. Nilitaka kujaribu tena, safari hii bila mzaha.

"Sokoro, kwa nini unamtaka sana huyu mnyama?"

Aliendelea kuchonga. Nikadhani atanitania, lakini akaweka kisu chini.

"Nilikuwa mdogo kuliko wewe," alisema. "Nilikuwa nachunga ndama kule juu, asubuhi, ukungu bado haujainuka. Nikasikia mtu anapumua. Kugeuka, ni yeye. Alikuwa karibu kama ulivyo wewe hapo. Nilitaka kukimbia, miguu ikakataa. Alinitazama, kisha akapiga chafya. Mate yakanirukia hapa." Akajigusa shavu. "Baba yangu alinikataza kunawa uso siku ile. Walipita wengi asubuhi hiyo, wakashuka upande wa Wamaasai, na hawakurudi tena. Nadhani nimebaki peke yangu niliyewaona. Wengine wote wanaapa kwa kitu wasichokijua."

Nilimwangalia lile shavu lake lililokunjamana, nikatamani nami nirukiwe na mate ya enchage. Nasema kweli, nilimtaka yule mnyama. Nilimtaka kuliko watoto wote waliokuwa wakipiga kelele kila asubuhi kwamba ni ndugu yao. Kama angeweza kuja bila kula shamba la mama, ningemfungulia lango mimi mwenyewe.

"Mama atakula nini, Sokoro?"

"Mama yako nimempa bonde."

"Bonde ni maji."

"Maji yatachimbiwa mtaro," alisema, akachukua kisu chake. Alikuwa ameshaurudia utani. "Nenda ukapike, mke wangu. Mume ana njaa."

*

Alhamisi, kabla ya kwenda shule, nilipanda ulingoni kama kawaida. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kilima. Tumbili mmoja alitoka kwenye vichaka, akajipenyeza ndani ya wimbi na kuanza kuvuta masuke kwa mikono miwili, mlafi yule, bila hata kutazama nyuma. Nilizungusha kombeo nikamwachia. Jiwe lilimpata ubavuni, akaruka akilia, akatokomea.

Nilikuwa nimeinama kuchukua jiwe lingine ndipo nilipoganda. Nilijiuliza: na kama ni enchage?

Niliirudia akilini ile picha, nikaitazama pande zote. Punda milia anaruka ua, au anakuta penye upenyo, anashuka, anaingia kwenye wimbi. Mimi niko juu na jiwe langu. Mimi ni mtoto wa Bobasi. Siwezi kumrushia. Mama akija na fimbo hawezi kumwinulia, kwa kuwa ameolewa Bobasi na watoto wake ni wa Bobasi. Jirani hawezi, na jirani wa jirani hawezi. Kuanzia Rianchage mpaka sokoni hakuna mkono hata mmoja wa kumfukuza, mpaka aje Ombui na baba yake wa Getutu, na hao tungewapiga. Wazee wetu walikuwa wakishangilia kuletewa mnyama pekee duniani ambaye wao, kati ya watu wote, hawawezi kumtoa shambani. Furaha ilikuwa imewapofusha. Kama wangekuwa watu wa ukoo mwingine wangeliona siku ya kwanza.

Sikumwambia mama. Angenikataza, kwa sababu kulitamka jambo lile mbele ya Sokoro kungekuwa kumtia aibu mbele ya watu. Wala sikwenda kumwambia Sokoro faraghani. Nilimjua. Angecheka, angenituma kupika, na Ijumaa ingefika vile vile. Usiku ule nilijigeuza kitandani nikiwaza jina langu lililokuwa bado halijapelekwa Kisii.

*

Ijumaa watu walijaa uwanjani kama siku ya kufunga shule. Bwana Nyama aliketi na chifu kwenye viti vya ofisini. Wazee walikuwa kwenye mabenchi upande wa kulia, Sokoro mbele yao akiwa amevaa koti aliloletewa na baba yangu kutoka Kericho. Kina mama walikaa kwenye majani, mbali. Mama alikuwa amejificha nyuma ya wenzake ili asitazamane na baba mkwe wake, nikawa naona kitambaa chake cha kichwa tu.

Bwana Nyama alisimama akaeleza kwa ufupi. "Baada ya hotuba, anayemtaka punda milia atasimama penye mlingoti wa bendera. Asiyemtaka atasimama kule, penye jiko. Hakuna atakayeulizwa sababu." Bwana Manasseh aliitikia kwa kichwa, kisha akasogea polepole akaenda kusimama penye jiko, kiboko nyuma ya mgongo. Watoto wote tulimwona. Nadhani Bwana Nyama peke yake ndiye ambaye hakumwona.

Nikaitwa.

"Mgeni mheshimiwa, chifu wetu, wazee, walimu na wazazi," nilianza. "Sisi watoto wa Bobasi tuna furaha isiyo na kifani." Niliendelea mpaka nikakaribia ule moyo mkunjufu, nikakitafuta kile kitambaa kati ya vichwa vya kina mama, nikakiona kimeinama. Nikaiacha sentensi hapo. Bwana Manasseh akakohoa.

Nikageuka kwenye mabenchi.

"Sokoro, mume wangu," nilisema.

Kicheko kililipuka. Wazee walijipiga mapaja. Hata chifu alifuta macho.

"Sema, bibi yangu," Sokoro alijibu kwa Kiswahili chake cha mashamba ya chai. "Unadai mahari mbele ya serikali?"

"Nataka habari za mgeni wako. Wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako utampa jembe lini?"

"Hiyo haipewi jembe," alisema akicheka. "Hiyo ni mwenye nyumba."

"Na mwenye nyumba akishuka akaingia kwenye wimbi, mimi niko ulingoni na kombeo. Nimfanye nini?"

"Serikali itaweka seng'enge."

"Ng'ombe wako wamezuiwa na seng'enge gani, Sokoro?"

Watu walicheka tena, maana ng'ombe wa Sokoro walijulikana mpaka kwenye bustani ya kanisa la Waadventista. Yeye hakucheka sana safari hii. Alikuwa amenikazia macho.

"Nimrushie jiwe?" nikauliza.

"Hapana!" Ilimtoka kabla hajaifikiria.

"Mama amfukuze kwa fimbo?"

Kicheko kilikuwa kinakauka benchi kwa benchi. Mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake, na yule mwenzake akaacha mdomo wazi.

"Mong'ina!" Bwana Manasseh alipaza sauti. "Rudi kwenye hotuba sasa hivi!"

"Mwache mtoto aulize," Bwana Nyama alisema bila kugeuka. Alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti.

Nilijua ningeweza kuishia pale. Ningesema ni utani tu, nimalize hotuba, jina langu lipelekwe. Nilijua pia kwamba watu wangesahau kabla ya kufika nyumbani, kwa sababu ulikuwa utani wa babu na mjukuu. Palikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna Omobasi anayekifanyia utani.

"Sokoro," nilisema, "apa kwa enchage. Ukimkuta ndani ya mahindi yako, wewe mwenyewe, utamfanya nini?"

Kelele zilipanda kutoka kwenye mabenchi. Mzee mmoja aliinua bakora akisema kwa Kikisii kwamba mtoto anayemwapisha mzee hadharani avuliwe nguo achapwe. Nyuma kule kitambaa cha mama kilikuwa kimesimama. Mama alikuwa amesimama wima, amesahau kujificha, mikono imeziba mdomo.

Sokoro angeweza kuniponyoka. Angesema mke wangu ana wazimu leo, mpeni maji, na dunia nzima ingecheka. Nilimwona akiliwaza hilo, midomo ikaanza kukunjuka kwa tabasamu. Kisha tabasamu likakatika. Aliinuka, akavua kofia.

"Kwa enchage," alisema, "mimi nitapisha yeye."

Bwana Nyama aliuliza kwa upole, "Na akila yote, mzee?"

"Akila yote nitapisha yeye aende kwa jirani."

"Na jirani?"

"Jirani ni ndugu yangu. Na yeye atapisha." Akageuka akawatazama wazee wenzake, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta mtu wa kumbishia. Wote walikuwa wakitazama chini. "Hakuna mtu hapa anaweza kufukuza hiyo," akasema taratibu, nami nikaona kwamba ndipo alipoanza kuyasikia maneno yake mwenyewe. Akaketi. Kofia aliiacha magotini.

Bwana Nyama akatuambia tuende tunakotaka kusimama.

Hakuna aliyesogea. Bwana Manasseh alikuwa bado penye jiko. Halafu yule mtoto wa darasa la pili aliyeapia yai akatoka mbio, akapita ubavuni mwa mwalimu mkuu na kuganda kwenye ukuta wa jiko, macho ameyafumba akisubiri kiboko. Kiboko hakikushuka, si mbele ya Mtaita. Wenzake wakamfuata. Orpah akaenda. Thadeus akaenda na binamu yake aliyempiga ngumi. Penye mlingoti walibaki wachache, na wengine wao walikuwa wakilia, maana walikuwa wamekwisha kumpa jina mnyama ambaye hatakuja. Ombui alisimama katikati peke yake akiuliza na chui je.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilikwenda penye jiko nikimpita Sokoro karibu kabisa, na hakuinua uso.

*

Vigingi viling'olewa na wale wale waliovichoma. Tangi la maji halikuja. Bwana Manasseh alinifyekesha majani ya uwanja mpaka muhula ukaisha, lakini jina langu alilipeleka, kwa sababu Bwana Nyama alikuwa ameliuliza mbele ya chifu na kulirudia mara mbili. Baba mdogo Omwenga alikaa muda mrefu akituona njiani kama asiyetujua. Sijutii hata chembe. Ningeambiwa leo nirudie, ningerudia, na ningekuwa na sauti kubwa zaidi.

Mama alivuna wimbi lile lote. Siku alipolisaga mara ya kwanza, alisonga ugali mweusi, laini, akaufunika kwa jani la mgomba pamoja na mboga, akaniambia nimpelekee Sokoro. Hakunipa maneno ya kupeleka, maana chinsoni haikumruhusu, na nadhani hata kama ingemruhusu asingeyapata.

Nilimkuta ameketi juani, hachongi kitu. Nilipiga magoti nikaweka chakula mbele yake. Nilikuwa nimeshatayarisha jibu langu. Angesema mke wangu umechelewa, nami ningesema nilikuwa natafuta mume mwenye meno.

Akakipokea chakula kwa mikono miwili, kama kinavyopokelewa kutoka kwa mtoto wa watu.

"Asante, Mong'ina," alisema. "Mwambie mama yako nimeshukuru."

Nilisubiri. Alinawa, akamega tonge, akala kwa adabu. Niliendelea kupiga magoti pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikamtazama akimaliza, nikachukua sahani nikaenda nyumbani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuniita mke wake tena.